Skripti ya ujenzi: kuinakili, kuichangia, kuirithi

skripti ya ujenzi nm [i-/zi-] Faili ya maandishi yenye maagizo yanayoielekeza kompyuta namna ya kuugeuza msimbo chanzo wa mradi kuwa programu inayoweza kuendeshwa: ni faili zipi zipitishwe kwenye kompaila na kwa utaratibu gani, ni maktaba zipi za nje zinazohitajika, ni majaribio gani yafanywe, na zao la mwisho liwekwe wapi. Mf. Miradi yote saba inatumia skripti moja ya ujenzi.

Sentensi hiyo ya mfano ni fupi, lakini ndiyo iliyotufanya tuandike makala badala ya kuishia kwenye fasili. Swali linalowatatiza wanafunzi na wafasiri si maana ya skripti ya ujenzi, bali ni jinsi ya kueleza kwamba miradi kadhaa ina skripti moja kwa pamoja. Kiswahili hakikosi kitenzi cha kulisema jambo hilo. Kinavyo kadhaa, na kila kimoja kinamtuma msomaji kufanya kazi tofauti. Mfasiri akikosea kitenzi katika riwaya, msomaji atakunja uso na kuendelea na ukurasa. Akikosea katika mwongozo wa kujenga programu, msomaji atatenda sawasawa na alivyoambiwa.

Skripti au hati. Kujenga au kuunda

Skripti ni neno la kutoholewa. Wako wanaopendelea hati, kwa hoja kwamba neno lipo na limezoeleka. Hatuna ugomvi na hati kwa jumla: ni neno kongwe lenye asili ya Kiarabu, lenye maana ya mwandiko na, kwa kupanuka, maandishi rasmi. Lakini litazame linapokutana na ujenzi. Mtu wa Dar es Salaam au Mombasa akisikia "hati ya ujenzi" atafikiria kiwanja, halmashauri na ramani iliyogongwa mhuri. Aidha, katika programu za ofisi hati ni waraka wowote ulioandikwa, ilhali skripti ni maandishi yanayotekelezwa. Waraka husomwa na mtu, skripti hutekelezwa na mashine. Kwa hiyo tunapendekeza skripti, walau mahali inapotajwa kwa mara ya kwanza.

Kuhusu kitenzi, kuunda na kujenga vyote hutumika. Kuunda kina sifa ya kuikaribia zaidi kazi yenyewe, maana fundi wa jahazi huunda chombo kwa kuunganisha mbao zilizokwisha kuchongwa, na kompyuta inapotengeneza programu kutokana na mamia ya faili hufanya jambo la namna hiyo. Kingekuwa ndicho chaguo letu lau kisingekuwa kimekwisha kushikwa kwenye simu na tovuti na maana ya kuanzisha kitu kipya: kuunda akaunti, kuunda kikundi, kuunda folda. "Unda mradi" humaanisha anzisha mradi ambao haukuwapo. "Jenga mradi" haina utata huo, ingawa tunakiri kwamba imepoteza harufu ya bahari.

Neno la tatu linaloandamana na haya ni usanidi [u-], yaani jumla ya maamuzi yanayoiambia programu ifanye kazi kwa namna gani. Wako wanaochanganya kusanidi na kusakinisha. Programu husakinishwa mara moja, lakini husanidiwa kila mahitaji yanapobadilika. Mipangilio ni neno linalofaa menyu ya simu. Usanidi hufaa maandishi ya wataalamu. Katika skripti ya ujenzi, sehemu inayostahili zaidi kutumiwa na miradi mingi ndiyo hii ya usanidi: toleo la lugha, anwani za hazina zinakopakuliwa maktaba, kanuni za kukagua msimbo, jinsi ya kufungasha zao la mwisho.

Kushiriki, kugawana, kuchangia

Mitandao ya kijamii imelieneza neno shiriki kama jina la kitufe, na kutoka huko limeingia katika miongozo ya kiufundi. Kwa matumizi yaliyo imara, kushiriki ni kuwa mmoja wa watendao jambo: mtu hushiriki katika mkutano, katika mazishi, katika mashindano. "Miradi inashiriki skripti" ni sentensi inayomwacha msomaji akisubiri imalizike. Kushirikisha nako hutaka mtu wa kushirikishwa, kama katika kuwashirikisha wazee uamuzi. Unaweza kuishirikisha timu nzima katika kuandika skripti, lakini skripti yenyewe haishirikishwi.

Kugawana ni hatari zaidi kwa sababu inasikika vizuri. Wavuvi hugawana samaki, ndugu hugawana urithi. Kila mmoja huondoka na fungu lake, na baada ya hapo hakuna tena kitu kimoja. Miradi iliyogawana skripti, kwa Kiswahili kilichonyooka, ni miradi ambayo mmoja umechukua mistari ya majaribio na mwingine umechukua ya ufungashaji. Mwandishi wa makala haya aliwahi kuletewa kwa uhariri mwongozo wa mafunzo uliokuwa umekwisha kutumika darasani, ambamo makundi ya wanafunzi yaliagizwa "yagawane skripti ya ujenzi iliyo katika mradi wa kwanza". Yalitii kadiri yalivyoelewa: kila kundi lilinakili faili ile na kuiweka katika mradi wake. Kwa muda kila kitu kilikwenda salama. Kisha mkufunzi akabadilisha anwani moja katika skripti ya mradi wa kwanza, akidhani imebadilika kwa wote. Makundi mengine yaliendelea kujenga kwa anwani iliyokufa, na wanafunzi wakaanza kutafuta kosa ndani ya msimbo wao, mahali ambapo halikuwapo. "Tumieni kwa pamoja" ingaliwaokolea siku nzima.

Kuchangia ndicho kitenzi kilicho karibu zaidi na maana tunayoitafuta. Wapangaji wa nyumba moja huchangia choo, bomba la maji na mita ya umeme. Kitu ni kimoja, kimesimama mahali pamoja, watumiaji ni wengi. Kikiharibika wote hupata habari, na mmoja akikitengeneza wote hufaidika. Hiyo ndiyo hali hasa ya skripti moja inayotegemewa na miradi saba, pamoja na kero zake zote: anayetaka kubadilisha kufuli la choo cha pamoja hawezi kufanya hivyo bila kuwapa majirani ufunguo.

Ugumu wa kuchangia ni kwamba kitenzi hichohicho humaanisha kutoa mchango, na katika ulimwengu wa programu huria maana hiyo ina nguvu. Anayeuandikia mradi msimbo na kuutoa bure huitwa mchangiaji. Kwa hiyo "timu tatu zinachangia skripti hii" ina tafsiri mbili: zinaitumia kwa pamoja, au zinaiandika kwa pamoja. Muktadha ukiwa hautoshi kutenganisha, tumia kutumia kwa pamoja katika kitenzi na ya pamoja katika nomino: skripti ya pamoja, usanidi wa pamoja. Ni maneno marefu kidogo, lakini hayana mtego.

Majina ya njia zenyewe

Njia za kuifanya skripti itumike na miradi mingi zina majina yake, na mfasiri anayezifahamu hatahangaika sana na vitenzi.

Ya kwanza ni kunakili. Ni ya haraka na kila mtu ameifanya. Gharama yake haionekani siku ya kunakili. Huonekana siku jambo la nje linapobadilika. Tarehe 15 Januari 2020, Maven Central, hazina ambako miradi ya lugha ya Java hupakua maktaba zake, ilikoma kupokea maombi ya HTTP ya kawaida na kutaka HTTPS pekee. Skripti zilizoitaja hazina hiyo kwa anwani ya zamani zilishindwa kujenga tangu siku hiyo. Mwenye skripti ya pamoja aliongeza herufi s mahali pamoja. Mwenye nakala arobaini alizitafuta zote arobaini, na ile aliyoisahau akaikumbuka siku ya kutoa toleo. Mwaka uliofuata kampuni ya JFrog ilitangaza kuifunga huduma ya Bintray pamoja na JCenter, hazina iliyokuwa imetajwa kwa jina katika skripti za miradi mingi ya Android, na msako ukaanza upya.

Ya pili ni kujumuisha: skripti moja huitwa ndani ya nyingine na kusomwa kana kwamba imeandikwa hapo. Tunaepuka kuingiza kwa sababu kitenzi hicho hutumiwa sana kwa kuleta maktaba ndani ya msimbo wenyewe. Kwa mwalimu anayetaka mfano wa darasani, hatujui ulio safi kuliko wa mfumo wa uendeshaji wa FreeBSD. Mfumo huo hujengwa kwa programu ya Make, ya ukoo wa ile iliyobuniwa na Stuart Feldman katika Bell Labs mwaka 1976. Katika saraka ya /usr/share/mk zimehifadhiwa faili za pamoja, kama bsd.prog.mk kwa ajili ya programu na bsd.lib.mk kwa ajili ya maktaba. Skripti ya ujenzi ya programu ndogo huweza kuwa na mistari miwili tu yenye kazi: mmoja unaotaja jina la programu, na mwingine unaojumuisha bsd.prog.mk. Mengine yote, tangu kompaila hadi kurasa za mwongozo, yamekwisha kuandikwa mara moja kwa niaba ya wote. Mwanafunzi akiiona mistari ile miwili huuliza iliko iliyobaki, na hapo somo limeanza lenyewe.

Katika mfumo wa Gradle kujumuisha hufanywa kwa maneno apply from, yakifuatwa na njia ya faili au anwani ya wavuti. Hilo la wavuti ni la kuangaliwa. Skripti iliyo mbali hupakuliwa na kutekelezwa, si kusomwa tu, kwa hiyo mwenye mamlaka juu ya anwani ile ana mamlaka juu ya kila kompyuta inayojenga kwa kuitumia. Tena, yaliyomo huweza kubadilika usiku, na mradi uliojengwa salama jana ukakataa leo bila mtu yeyote katika timu kugusa hata nukta. Gradle ina pia skripti za kuanzishia, zinazowekwa katika folda ya init.d ya mtumiaji na kuathiri kila mradi unaojengwa kwenye kompyuta hiyo. Zinafaa kwa mambo ya kompyuta yenyewe, kama njia ya kupitia mtandao wa ofisi. Ukiweka humo kanuni za mradi, utakuwa na mradi unaojengeka kwako na kukataa kwa jirani.

Ya tatu ni kurithi, na ndiyo lugha ya mfumo wa Maven. Kila mradi una faili iitwayo pom.xml, nayo yaweza kutaja POM nyingine kuwa mzazi wake, ikarithi usanidi wake wote isipokuwa pale inapoamua kuuandika upya. Maneno mzazi na mtoto yameenea kiasi cha kutopingika, ingawa Kiswahili tayari kilikuwa na mtindo wake: tunasema kampuni mama, lugha mama, na tungeweza kusema POM mama bila kumshangaza mtu. Vyovyote utakavyochagua, upatanisho hufuata ngeli ya POM na si ya mzazi: POM mzazi inataja, si POM mzazi anataja.

Kuna anayelalamika kwamba kurithi si kitenzi sahihi, kwa kuwa katika mila zetu mali hurithiwa mwenyewe akishafariki, na mzazi huyu yu hai, anaendelea kutoa matoleo. Malalamiko haya yana jibu. Mtoto hutaja namba ya toleo la mzazi anayemrithi. Mzazi akitoa toleo la 5, mtoto aliyetaja la 4 habadiliki hata kidogo mpaka namba ibadilishwe kwa mkono. Toleo la 4 limekwisha kufungwa. Halitaongezewa wala kupunguziwa neno. Ndilo linalorithiwa, na kwa maana hiyo ni marehemu wa kutosha.

Upungufu wa kurithi uko kwingine: mtoto ana mzazi mmoja tu. Mradi unaotaka kanuni za majaribio kutoka kwa huyu na za ufungashaji kutoka kwa yule hauna njia ya kuwarithi wote wawili, isipokuwa kwa orodha za matoleo ya maktaba, ambazo huweza kuletwa kutoka POM nyingi. Ndiyo maana POM mama za mashirika makubwa hunenepa: kila jambo la kila mtu hurundikwa humo, na mradi mdogo hurithi hata yasiyouhusu.

Ya nne ni kujaliza, kutokana na programu-jalizi [i-/zi-], neno lililozoeleka kwenye vivinjari. Gradle huwahimiza watumiaji wake wauweke usanidi wa pamoja katika programu-jalizi za kaida. Zingatia neno kaida. Jambo linalotajwa ni utaratibu uliokubaliwa na kundi, si jambo la kawaida tu, wala si kanuni ya lazima. Folda ya buildSrc, iliyo kwenye mzizi wa mradi, hujengwa kabla ya mengine yote, na programu-jalizi zilizomo hutumiwa na miradi midogo iliyo ndani ya mradi huo mkubwa. Haivuki mipaka hiyo. Miradi ikiwa katika hazina tofauti za msimbo, programu-jalizi huchapishwa kwenye hazina ya maktaba ikiwa na namba yake ya toleo, kama maktaba nyingine yoyote. Ni kazi zaidi mwanzoni. Faida yake ni kwamba programu-jalizi huweza kufanyiwa majaribio kabla ya kufika kwa watu, na mradi mmoja huweza kuzitumia kadhaa, kila moja kwa kazi yake, jambo ambalo mtoto wa mzazi mmoja hawezi kulifanya.

Tegemezi si tegemeo

Skripti ya pamoja ikishachapishwa kwa namna hiyo, miradi inayoitumia huitegemea. Hapa pana kosa lililoenea mno hata katika tafsiri za watu makini: maktaba au programu-jalizi inayohitajiwa na mradi huitwa tegemezi. Kila mwanafunzi wa sarufi anakijua kishazi tegemezi: ni kile kisichoweza kusimama peke yake. Mtoto tegemezi ni yule anayelishwa. Tegemezi, basi, ni yule anayemtegemea mwingine, ilhali maktaba ndiyo inayotegemewa. Kuiita tegemezi ni kuupindua uhusiano wote juu chini, na msomaji akiambiwa "ondoa tegemezi zisizohitajika" ana haki ya kufikiri kwamba anaagizwa kuiondoa miradi yake.

Neno lipo, nalo si jipya: tegemeo [li-/ya-], wingi mategemeo. Tunasema fulani ndiye tegemeo la familia, na hakuna anayedhani kwamba fulani ndiye anayelishwa. Mf. Mradi huu una mategemeo kumi na mawili. Mwezi Machi mwaka 2016, kifurushi kiitwacho left-pad, chenye mistari 11 tu ya msimbo, kiliondolewa na mwandishi wake kwenye hazina ya npm, na miradi mingi ya JavaScript ikashindwa kujengwa. Mingi kati yake haikukitaja popote. Ilitegemea vifurushi vilivyotegemea vifurushi vilivyokitegemea. Jaribu kulisimulia tukio hilo kwa neno tegemezi pekee, nawe utashindwa kueleza ni nani aliyeanguka kwa sababu ya nani. Kwa jozi kamili ni rahisi: tegemeo liliondoka, tegemezi zikaanguka.

Toleo la mwisho

Tumetaja toleo [li-/ya-] mara nyingi, na kitenzi kinachoambatana nalo hapa ni kubainisha: kubainisha toleo ni kuandika namba kamili ya tegemeo ili ujenzi wa leo na wa mwakani utumie kitu kilekile. Kufunga toleo hatulipendekezi, kwa kuwa hudhaniwa kuwa ni kusitisha. Kinyume chake ni kuacha toleo likielea, yaani kuiambia skripti ichukue lolote litakalokuwa jipya siku hiyo.

Na hilo lililo jipya lisiitwe toleo la mwisho. La mwisho ni lile ambalo baada yake hakuna jingine. Anayesoma "skripti ya pamoja imefikia toleo la mwisho" ataelewa kwamba imeachwa na watunzaji wake, na huenda akaanza kutafuta badala yake. Sema toleo jipya zaidi au toleo la karibuni, na la mwisho liachie mradi uliokwisha kufungwa kweli. Mf. Mradi huu umebainisha toleo la 2.3 la skripti ya pamoja. Toleo jipya zaidi ni la 3.0, ambalo bado halijajaribiwa hapa.